Tarehe 26: Kalenda ya Ziwa na Daftari la Mfanyakazi

Ukutani katika ofisi yetu ya chama hapa Rumonge imetundikwa kalenda. Katika kila mwezi tarehe moja imezungushiwa wino mwekundu. Si sikukuu wala si siku ya mkutano. Ni tarehe 26. Mweka hazina wetu ndiye aliyeizungushia, kwa sababu, asema, ndiyo tarehe ambayo wanachama huanza kuja ofisini na nyuso za huruma kuuliza kama chama kina akiba yoyote.

Kila mfanyakazi aijua tarehe hiyo. Mwezi uko kwenye kona. Mshahara wa mwezi uliopita umekwisha kuwa hadithi, na wa mwezi huu bado ni ndoto. Mvuvi ana ndagala zake, mkulima ana mihogo yake. Mtu wa kiwandani na mtu wa shamba la michikichi wana tumaini tu, na tumaini halipikwi na mawese.

Basi siku moja ya namna hiyo, tukiwa tumekaa barazani bila hata faranga ya chai, tuliamua kuitazama tarehe 26 katika vitabu vya historia, tuone kama imewahi kumtendea mtu yeyote jema kando ya ziwa hili. Tuliyoyakuta yametuchekesha, na baadaye yametufikirisha. Tunawaleteeni yote mawili.

MACHI: KULALA BURURI, KUAMKA RUMONGE

Tarehe 26 Machi 2015 Rumonge ilifanywa mkoa, mkoa wa 18 wa Burundi, kwa kumegewa tarafa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini. Watu wetu walilala Bururi wakaamka Rumonge bila kuhamisha hata kitanda. Mihuri ilichongwa, vibao viliandikwa, na barua zikaanza kuwa na anwani mpya.

Miaka kumi haijapita sana, nchi yote ikapangwa upya. Tangu mwaka 2025 Burundi ina mikoa mitano tu, na Rumonge ni tarafa katika mkoa wa Burunga. Watu walewale, juu ya vitanda vilevile, wakaamka tena ugenini. Sisi hatuna neno juu ya mipaka. Hiyo ni kazi ya wakubwa. Tumeona tu kwamba katika mabadiliko yote mawili kuna mtu mmoja ambaye hakukosa kazi, naye ni fundi wa kuandika vibao. Tunampongeza, na tunamkumbusha ada ya chama.

APRILI: JINA LILILOBAKI KAZINI

Tarehe 26 Aprili 1964 jirani zetu wa Tanganyika na Zanzibar waliungana, na kabla ya mwaka huo kwisha nchi yao ilikuwa imekwisha kuitwa Tanzania. Jina la Tanganyika likastaafishwa katika nchi. Lakini ziwa halikupewa barua yoyote. Likaendelea kuitwa Tanganyika hadi leo, kwa Warundi, Wakongomani, Wazambia na Watanzania wenyewe. Ndilo jina la pekee tulijualo lililopunguzwa kazini ng'ambo moja, likabaki zamu ya usiku na mchana katika ng'ambo zote nne.

JULAI: FUNDI NA GRISI YAKE

Tarehe 26 Julai ina mambo mawili, na la kwanza latuhusu sana sisi watu wa mashine.

Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, kilijenga meli kubwa iliyoitwa Graf von Götzen. Ilipokamilika ilivunjwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikaletwa Kigoma kwa reli. Mafundi waliongozana nayo, wakaiunga upya ribiti kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 ikateremshwa majini. Wakati huo ufuko wetu wote, toka Usumbura kupita Rumonge hadi Kigoma na kusini zaidi, ulikuwa chini ya Wadachi, na vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha kufika ziwani.

Mwaka uliofuata Wadachi walizidiwa. Amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate. Na nani apewe kazi hiyo? Fundi yuleyule aliyeijenga, Anton Rüter, pamoja na wenzake wa kiwandani. Hebu fikiri, ndugu yangu. Umeunga kitu kwa mikono yako, mwaka na nusu baadaye tajiri akwambia ukizamishe. Ni amri za namna gani hizi? Lakini sisi tuliofanya kazi viwandani tunazijua. Tumekwisha kuambiwa tupake rangi ukuta ambao ungebomolewa kesho yake.

Mafundi hawakubishana. Waliipakia meli mchanga, na kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nene kila mahali. Kisha, tarehe 26 Julai 1916, wakaiteremsha chini taratibu, kama mtu anayeweka fedha benki.

Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza waliiibua, na walipofungua mashine walikuta bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Wengi wenu mnaijua au mmeipanda. Mashine za mvuke zilikuja kubadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970, lakini bodi ilibaki ileile. Na mwezi wa Mei 2015, maelfu ya ndugu zetu Warundi walipojikuta wamekusanyika katika kijiji cha Kagunga, mpakani, bila nyumba wala maji safi, meli iliyowavusha hadi Kigoma, safari baada ya safari, ilikuwa ni hiyohiyo.

Majemadari wa vita hivyo wamejaa vitabuni. Lakini aliyewavusha akina mama na watoto wa mwaka 2015 ni fundi aliyepaka grisi mwaka 1916. Likumbukeni neno hili la grisi, tutalirudia mwishoni.

JULAI TENA: BWANA TATU

Tarehe 26 Julai 1953, mbali sana na sisi, vijana wa Kuba walishambulia kambi ya jeshi ya Moncada, na tarehe hiyo ikawa jina la chama chao cha mapinduzi. Twaileta habari hiyo hapa kwa sababu baadhi ya watu wa chama hicho walikuja kuliona ziwa letu. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara na wenzake walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi wa huko.

Walihitaji majina ya siri. Wakafungua kamusi ya Kiswahili, wakachukua tarakimu. Wa kwanza, Víctor Dreke, akawa Moja. Wa pili akawa Mbili. Na Che mwenyewe, ambaye jina lake lilijulikana dunia nzima, akawa Tatu. Sisi tumeandikwa namba viwandani maisha yetu yote, wala hakuna aliyetuita wanamapinduzi.

Jambo lililotufurahisha zaidi ni hili. Huko juu milimani Bwana Tatu alitaka wapiganaji wabebe vyakula na risasi toka ziwani kwenda kambini. Baadhi yao walikataa kabisa, wakamjibu kwamba wao si motokari. Che aliudhika sana, hata akaandika habari hiyo katika kumbukumbu zake. Nasi twamwelewa: vita haviendi bila mizigo. Lakini twawaelewa na wale waliokataa. Mkuu wao, Laurent-Désiré Kabila, alifika kambini mwezi wa Julai, akakaa siku chache, akaondoka tena kwenda ng'ambo. Mtu akiona mkubwa hayupo na mzigo upo, huanza kuuliza maswali. Tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba walivuka ziwa kurudi Kigoma, na mambo yakaishia hapo. Waliokataa mizigo hatukuwaona katika historia kwa majina. Tumewaona kwa jibu lao tu.

NOVEMBA: JIWE LENYE MAJINA MAWILI

Ukitoka Rumonge kwenda Bujumbura kwa barabara ya ziwani, kabla hujafika mjini utapita Mugere. Hapo juu kuna jiwe kubwa, na juu ya jiwe yameandikwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Tarehe 26, kwa hiyo, mabwana hao walikuwa hapohapo wakipumzika, maana walilala Mugere siku mbili.

Wapo watu wetu wanaoapa kwamba ndipo walipokutana. La hasha. Walikutana Ujiji, na watu wa Ujiji wana mnara wao na hawataki mchezo. Sisi twasema hapana haja ya ugomvi. Ujiji wakae na salamu, sisi tukae na usingizi.

Lakini mabwana hawa walikuja kaskazini kutafuta nini? Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Nile, na kama Rusizi ungekuwa unatoka, basi huenda ziwa letu ndilo lingekuwa chanzo chenyewe. Burton na Speke walikwisha kuja kwa swali hilohilo mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji wa Uvira kwamba mto unaingia. Miaka 13 ikapita. Ndipo Livingstone na Stanley wakaja, wakapigiwa makasia hadi mdomoni mwa mto, wakautazama, wakaona kwamba unaingia.

Mvuvi yeyote angewaambia. Kwa kweli wavuvi walikwisha kuwaambia. Lakini nyinyi mliowahi kuona tume ikitumwa kiwandani kuchunguza kwa nini mashine inavuja, hali mwendeshaji amesema tangu Januari kwamba inavuja, hamtashangaa. Jibu la mfanyakazi halihesabiwi kuwa jibu mpaka litamkwe na mtu aliyetoka mbali.

Na jiwe lina majina mawili tu. Waliopiga makasia toka Ujiji hadi Mugere, wakaiongoza mitumbwi katika pepo, wakapika na kukesha, hawakuandikwa. Jiwe ni kubwa, nafasi ilikuwapo.

DESEMBA: MIMI, MBWA NA MILIMA YA MITUMBA

Tarehe 26 ya mwisho katika kalenda yetu ni ile ya Desemba 1915, siku moja baada ya Krismasi, miezi saba kabla ya Götzen kuzamishwa. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wadachi ziwa. Hawakuwa na meli hapa, kwa hiyo walileta mashua mbili za mota kutoka London, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wa jeshi la maji wakakataa, wakiona ni utani. Akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, wakakubali. Kumbe kwa Kifaransa cha watoto majina hayo ni paka na mbwa walewale! Wenzetu wa ukurasa wa Kifaransa walicheka mpaka wakamwaga wino. Sisi wa Kiswahili tulicheka kwa sababu nyingine. Fikiri mlinzi anauliza gizani, "Nani huyo?" na mashua inajibu, "Mimi!"

Asubuhi ya tarehe 26, siku ya Jumapili, mashua ya Wadachi iliyoitwa Kingani ilikuja kuchungulia Lukuga, ndiko Kalemie ya leo. Mzinga wake ulikuwa mbele tu. Mimi na Toutou zikaifuata kwa nyuma. Kwa dakika 11 mapigano yakawa yamekwisha, Kingani ikatekwa, watu wakafa. Majina ya mashua twayacheka, wafu hatuwacheki.

Vitabu vyasimulia sana dakika zile 11. Sisi twataka kuuliza juu ya miezi iliyotangulia. Mashua zilishushwa Cape Town, zikaletwa kwa reli hadi Katanga, na reli ilipoishia Fungurume zikavutwa juu ya milima ya Mitumba. Zilivutwa na trekta za mvuke na maksai, lakini trekta hazipiti porini bila njia. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walikata miti, wakavunja mawe, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya kuzinywesha trekta yalipoadimika, watu wa vijijini wakayabeba kichwani. Kisha kwa mto na kwa reli tena, mpaka ziwani.

Spicer-Simson alipewa nishani. Mashua zilipewa majina. Hata Kingani iliyotekwa ikapewa jina jipya, Fifi. Waliovunja mawe hawakupewa kitu cha kukumbukwa, na leo hakuna ajuaye nani aliumia katika daraja lipi, siku ipi.

HATA MAMBA ANA JINA

Mtu mmoja barazani akasema hayo ni ya zamani, siku hizi mambo yamebadilika. Tukamkumbusha mamba. Mnamjua yule mamba mkubwa wa Rusizi ambaye habari zake zilivuma hata kwetu kusini. Mfaransa mmoja, Patrice Faye, alimpa jina la Gustave. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walimtengenezea mtego wa chuma, tundu lenye urefu wa mita 9 hivi na uzito karibu wa tani moja, wakamwekea chambo, wakakesha na kamera. Gustave hakuingia. Sinema ikatoka hata hivyo, na jina la mamba likazunguka dunia.

Sisi hatuna kinyongo na mamba. Twasema tu: tundu la tani moja halikutembea lenyewe mpaka mtoni. Waliolibeba hatuwajui, na aliyekataa kuingia twamjua kwa jina la ubatizo.

MZEE NA MKEBE

Sasa, ndugu, tuwaambie kwa nini tumekaa na kalenda muda wote huu.

Ilikuwa tarehe 26 ya mwezi mmoja, mzee alipokuja ofisini. Alikuwa mkata ngazi. Tangu ujana wake alipanda michikichi kwa kamba kiunoni na panga mkononi, mpaka magoti yakakataa. Alitaka tumsindikize kudai pensheni yake. Tulikwenda naye.

Karani aliuliza, "Mzee, ulianza kazi lini?"

Mzee akajibu kwa heshima, "Mwanangu, nilianza mwaka aliozaliwa binti yangu wa pili, katika mvua kubwa."

Karani akatazama fomu yake, akasema, "Mzee, hapa hakuna mahali pa mvua."

Karani hakuwa mtu mbaya, alitaka tarehe. Lakini katika vitabu vya tajiri wake mzee alionekana kuanza miaka mingi baadaye. Miaka ya kwanza alihesabiwa kibarua, alilipwa mkononi kila jioni, na hakuna aliyeandika jina lake. Kapita wa siku zile alikuwa amekwisha kufa. Wenzake wengine walikimbilia ng'ambo, wengine hawakurudi.

Tulidhani mambo yamekwisha. Ndipo mkewe alipokuja na mkebe wa biskuti. Ndani yake, kavu kabisa, zilikuwamo kadi na karatasi za mshahara za miaka kadhaa, zimekunjwa pamoja na picha za watoto. Hakujua kusoma. Alituambia, "Karatasi yenye muhuri haiwashiwi moto." Kwa karatasi hizo miaka kadhaa ilirudishwa na kuhesabiwa. Miaka mingine, ambayo hapakuwa na karatasi, haikuhesabiwa. Mzee anapata pensheni ndogo kuliko jasho lake.

Njiani kurudi alituambia, "Wanangu, ile mingine niliifanya kweli." Hatukuwa na la kumjibu. Tulijua kwamba aliifanya. Mikono yake ilikuwa ushahidi, lakini mikono haipigwi muhuri.

Ndugu wafanyakazi, mama yule alifanya kama fundi Rüter. Alipaka grisi. Miaka iliyopakwa grisi iliibuliwa, na ile isiyopakwa ikabaki chini ya maji.

Kwa hiyo twawaomba nyote, wa kiwandani, wa shambani na wa bandarini. Nunua daftari la shule. Kila jumamosi andika tarehe, kazi uliyofanya, saa ulizofanya, fedha uliyopokea na jina la kapita. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wako aandike, naye atajifunza hesabu na jina la baba au mama yake kwa pamoja. Karatasi ya mshahara usifungie sabuni. Ukiumia kazini, iandike siku ileile pamoja na majina ya wenzako wawili walioona. Wewe kibarua, omba kadi. Ukinyimwa, andika siku uliyonyimwa, kisha uje utwambie. Na ziwa likipanda, kama tulivyoliona miaka hii likiingia majumbani na viboko wakitembea katika mitaa ya Bujumbura, okoa kwanza watoto, pili mkebe, tatu godoro.

Hatuahidi kwamba daftari litaongeza mshahara. Lakini siku utakapoulizwa ulianza lini, utajibu kwa tarehe, na karani atakosa la kusema juu ya mvua.

Wazee mliofanya kazi zamani katika michikichi, katika meli na bandarini, njooni na mlichonacho, hata kama ni karatasi moja iliyochakaa. Tutainakili na kuandika majina yenu na ya wenzenu mnaowakumbuka. Ofisi iko wazi kila siku ya kazi, hata tarehe 26. Mkopo hatuna, mweka hazina amesema tuliandike neno hilo waziwazi. Daftari na kalamu tunazo.

Umoja ni nguvu.